Kutia CAN kwenye mahindi bila kuulisha mto

Hamjambo watazamaji wangu, karibuni Koru, hapa Kenya. Mahindi yamefika magotini na leo tunatia CAN, mbolea ya kukuzia. Kupalilia tushamaliza, hiyo naruka. Usitie mbolea penye magugu, yatakula yenyewe kwanza.

Kipimo ni kifuniko cha soda. Chota, halafu pitisha kidole juu hivi. Ochi, msaidizi wangu anayenirekodi, sogeza simu waone kidole. Kifuniko kimoja kwa shimo lenye miche miwili. Kama ulipanda sentimita 75 kwa 50, gunia la kilo 50 linatosha eka. Lakini kilingane! Wengi huchota kimlima, gunia linaisha nusu ya shamba, kisha lawama zote kwa mwenye agrovet, duka la pembejeo.

Sasa fungua kijishimo upana wa kiganja kutoka kwenye shina, upande wa juu wa mteremko. Mimina, fukia. Narudia, fukia. CAN huyeyuka upesi, na ukiiacha juu ya udongo mvua ya kwanza inaondoka nayo. DAP, mbolea ya kupandia, nayo ina fosforasi, kirutubisho kinachoshikamana na udongo. Udongo ukienda, imeenda. Kijito hiki hapa chini kinaingia Mto Nyando, na Nyando unamwaga Ghuba ya Winam, Ziwa Victoria. Gugumaji linalowafungia wavuvi wa Dunga njia hunenepa kwa virutubisho kama hivi, na wewe ndiye uliyevilipia.

Ngoja, ngoja. Ochi, hapo umemwaga wapi? Lete kamera karibu. Mnaona chembe zimekaa katikati ya majani machanga? Zikikutana na umande zitaunguza moyo wa mche. Inamisha mche taratibu, kung'uta, toa kwa kidole. Pole pole, usivunje! Na mbolea haitiwi majani yakiwa na maji. Tusonge, lakini fukia hiyo kwanza. Fukia.

Huku chini ndiko ninakopenda mimi. Kanuni za maji za Kenya zinataka uache angalau mita 6 kutoka mtoni, na mto mkubwa mpaka 30. Mimi ukanda wangu nimeujaza nepia, nyasi ya kulisha ng'ombe. Kata kipande chenye vifundo vitatu, kilaze mshazari, viwili viingie ardhini, kimoja kibaki nje. Mistari ikate mteremko, isishuke nao. Maji yakifika hapa yanapunguza mbio na udongo unabaki. Ng'ombe wangu anakula, kwa hiyo ile mbolea iliyonitoroka inarudi kama maziwa. Vipande ninavyo vya kuuza, njoo na gunia lako. Kuna wanaopenda nyasi ya vetiva, mizizi yake inashika sana, ila ng'ombe wangu akiinusa anageuka.

Gunia tupu la mbolea usilifulie mtoni. Suuza mbali na mto, maji hayo yamwage shambani.

Haya, Ochi, hebu geuza kamera kule Milima ya Nandi. Wingu hilo si la manyunyu. Manyunyu baada ya kufukia hayana shida, yanasaidia mbolea kuingia, lakini mvua ya kupiga kelele kwenye mabati hapana. Funga mdomo wa gunia, lipandishe juu ya mbao, CAN ikinywa unyevu inakuwa jiwe. Mistari iliyobaki tutaimaliza kukikauka. Wewe, ile ya mwisho uliifukia? Rudi ukaangalie.