Imeandikwa, Lakini na Nani?

DADA: Mbukwenyi wasikilizaji wetu, mlio Dodoma na mlio mbali. Leo tuna ujumbe wa sauti wa kijana wa hapa mjini, dereva wa bodaboda. Matokeo yake ya kidato cha nne hayakuwa mazuri, na kila akisema anataka kurisiti, baba yake anamjibu, "Ridhika mwanangu, hiyo ndiyo kudra yako." Anatuuliza: kama safari yangu ilishapangwa, nahangaika ya nini?

KAKA: Mimi naanza upande wa mzee, maana naona vijana wengi siku hizi wanawadharau wazee wa namna hii. Mtu aliyelima Ugogo maisha yake yote, mvua imemfundisha. Huku tuna msimu mmoja tu, Desemba mpaka Aprili, na mara nyingi mwaka unaisha bila kufika milimita 600. Unapanda kwa wakati, unapalilia, halafu Februari mvua inakata na shamba lote linaungua. Jirani aliyechelewa kupanda anavuna. Mtu huyo utamhubiria nini kuhusu juhudi?

DADA: Nitamuuliza alipanda nini.

KAKA: Ee!

DADA: Ndiyo, kaka. Mvua hakuichagua, lakini mahindi aliyachagua. Uwele na mtama vinavumilia ukame, na babu zetu walijua hivyo.

KAKA: Walijua. Lakini uwele unaliwa na ndege, unahitaji mtu wa kushinda shambani akiamia kutwa, na watoto siku hizi wako shule. Soko nalo linataka mahindi. Kwa hiyo hata huo uchaguzi unaousema, dada, una kamba mguuni. Ndiyo maana hawa wahamasishaji wa mitandaoni wananikera, wanaomwambia kila mtu kwamba maisha yake yako mikononi mwake asilimia mia. Waende Kongwa. Mwaka 1947 Waingereza walikuja pale na mradi wa karanga, kwa sababu baada ya vita kwao mafuta ya kula yalikuwa haba. Fedha zilikuwepo, matrekta yalikuwepo, wataalamu walikuwepo. Kiangazi udongo ule ukakauka ukawa mgumu kama saruji, majembe yakavunjika, mvua nayo ikawa ya kubahatisha. Mwaka 1951 mradi ukafutwa. Nia walikuwa nayo, tena kubwa. Ardhi ikakataa.

DADA: Hapo ndipo tunapotofautiana. Kongwa si majaaliwa! Wagogo walikuwepo pale, wanaijua ile mvua na ule udongo. Ni nani aliyewasikiliza? Walioamua walikuwa mbali, na walikuwa na haraka. Sisi tumezoea kusema kuna mambo mawili, kudra na hiari, na tunabishana humo humo. Kuna la tatu ambalo tunalisahau: maamuzi ya watu wengine. Mengi tunayomsingizia Mungu ni ya binadamu kabisa, waliokaa kikao na kupiga kura.

KAKA: Toa mfano wa hapa nyumbani.

DADA: Huu mji wenyewe. Mwaka 1973 TANU, chama tawala cha wakati huo, iliamua makao makuu ya nchi yahamie Dodoma. Utekelezaji ukasuasua miaka mingi, mpaka mwaka 2016 Rais Magufuli alipotangaza kwamba Serikali inahamia kweli. Leo wizara ziko Mtumba, hapa hapa Dodoma. Mtu aliyezaliwa Mtumba na mtu aliyezaliwa kijiji cha mbali, wote wakulima, wote wachapakazi, njia zao zimeachana. Watu watasema huyu ana nyota. Nyota gani? Ni kikao.

KAKA: Lakini kuzaliwa Mtumba hakuchagua.

DADA: Hakuchagua, hilo nakupa. Sasa sikiliza jingine, na hili linaniuma. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, na hata 14 kwa ruhusa ya mahakama. Mvulana, 18. Mabinti wangapi wametolewa shule wakaambiwa, "Ndiyo bahati yako, kubali"? Na mama zao wakaambiwa hivyo hivyo. Yale yaliyoitwa bahati yalikuwa vifungu vya sheria, kifungu cha 13 na cha 17. Akatokea mwanasheria, Rebeca Gyumi, mzaliwa wa hapa hapa Dodoma, akaenda Mahakama Kuu. Mwaka 2016 akashinda. Serikali ikakata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikasema vifungu hivyo vinakiuka Katiba.

KAKA: Na yule aliyeolewa na miaka 15 mwaka 1990?

DADA: Hukumu haimrudishii darasa lake. Najua.

KAKA: Basi mimi nabaki hapo. Mwaka unaozaliwa, tumbo unalotoka, mvua ya mwaka huo, hayo ni majaaliwa, na mtu akiyapokea kwa imani simwoni mnyonge. Imani imewavusha watu njaa humu Ugogo. Ila nakubali kwamba neno kudra tunalifunika juu ya mengi mno.

DADA: Sasa kijana wetu. Ningependa kujua alianguka kwa sababu gani. Kama shuleni kwake hesabu haikuwa na mwalimu, huo ni uamuzi wa mtu mahali fulani, na si kipimo cha akili yake. Kama hakusoma, hilo ni lake. Na kurisiti si njia pekee, vyuo vya ufundi vya VETA vipo.

KAKA: Mimi namfikiria zaidi baba. Wazazi wengi wakisema "kudra", ndani yake kuna "sina ada", na hawawezi kuitamka mbele ya mtoto. Kijana, usibishane naye dini. Mkiwa wawili, mweleze kwa heshima gharama za kurisiti ni kiasi gani, na kama pikipiki inakuingizia cha kulipa, mwambie utalipa mwenyewe.

DADA: Halafu tutumie ujumbe utuambie mzee kasemaje.