Uvimbe wa Titi Hauna Jina Mpaka Upimwe
Mazungumzo na kikundi cha akina mama wakulima wa zabibu, Mpunguzi, Dodoma

Mbukwenyi! Shikamooni mama zangu; wadogo zangu, hamjambo. Najua leo ni siku ya kuweka hisa na wengine mmeacha kazi shambani, sitawachelewesha.

Naanza na kosa langu. Mwaka wangu wa kwanza kazini alikuja mama anayenyonyesha, ana kivimbe titi la kushoto. Nilikishika, nikamwambia ni maziwa yameganda, akakande kwa maji ya moto. Sikumpa hata tarehe ya kurudi. Aliporudi ilikuwa imepita miezi saba, na ngozi ya titi imekuwa kama ganda la chungwa. Hayakuwa maziwa. Nilikuwa nimetoa jibu kwa vidole, na vidole havitoi jibu.

Mama uliyekaa hapo mbele, niazime pindo la kitenge chako. Naweka zabibu chini yake. Bonyeza. Umeona inavyokukimbia? Wasichana wengi hukuta kitu cha namna hii, kinateleza, hakina makona. Mara nyingi ni faibroadenoma, ambayo si saratani. Sasa bonyeza kokoto hii niliyoibana kwa pini. Haisogei, na inaparuza. Hii inatutia hofu zaidi. Lakini titi likipigwa teke na mtoto, mafuta ya ndani yanaweza kufa yakaacha kovu gumu kama kokoto hii, na saratani zinazoteleza kama zabibu nazo zipo. Kwa hiyo msiende nyumbani mkapimana kwa zabibu zangu!

Vivimbe vingi vya titi si saratani. Vingine ni vifuko vya maji, vingine majipu ya wanaonyonyesha, vingine hujaa mkikaribia siku zenu na kunywea zikiisha. Tatizo ni kwamba kila mtu anajihesabu humo bila kupimwa. Anasema, "Hakiniumi." Mama zangu, saratani ya titi inapoanza mara nyingi haiumi.

Daktari akutazame matiti yote mawili na makwapa, maana mtoki wa kwapani nao unasema kitu. Kisha picha. Aliye chini ya miaka 30 huanza na ultrasaundi, kwa sababu titi la kijana limeshonana na mamografia, yaani eksirei ya titi, hailisomi vizuri. Aliyefika 40 hufanyiwa mamografia, mara nyingi na ultrasaundi pia. Kisha, pale inapohitajika, sindano ya kuchukua kinyama, yaani kipande kidogo cha huo uvimbe. Mkono, picha na sindano vikubaliane. Kama mkono una wasiwasi na picha inasema salama, usifurahie picha; uliza kuhusu kinyama.

Naona mkono wa bibi kule nyuma. Anauliza, si hiyo sindano ndiyo inayoamsha kansa? Shikamoo bibi. Hapana, haiamshi. Watu wanakumbuka kwamba fulani alichomwa sindano, miezi mitatu baadaye tukamzika. Hawakumbuki kwamba uvimbe alikaa nao miaka miwili akiufunika na kanga.

Anzeni zahanati, mwombe rufaa ya kwenda hospitali ya General au ya Benjamin Mkapa, hapa Dodoma. Nauli ya kwenda Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, msiihesabu kabla ya kupimwa. Wengi wenu hamtaihitaji. Ila kinyama kikishawekwa kwenye formalini, dawa ya kukihifadhi, kwenda patholojia, maabara ya kukichunguza, jibu halitoki siku hiyo. Hapo ndipo tunapowapoteza watu. Uliza tarehe, acha namba ya simu inayopatikana, si ile ya shemeji aliyehamia Kibaigwa, na usipopigiwa, rudi mwenyewe.

Nesi yuko chumba cha ofisi ya kijiji, ameshafunga pazia. Mwenye kivimbe aende, hata kama ni cha zamani, hata kama chuchu tu ndiyo imeingia ndani au inatoa damu. Na wanaume mnaochungulia dirishani, ninyi pia mna matiti, ingieni.

Bibi, wewe ndiye uliyeuliza. Tangulia.