Binti Anayetapika na Kipimo cha Mimba Hakionyeshi Kitu
Mhadhara kwa wauguzi, matabibu na matroni wa shule za bweni, Kigoma

Itifaki imezingatiwa. Asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na wazee wangu mliokaa mbele pale, shikamooni.

Nimeombwa nizungumzie potasiamu, ile chumvi ya mwilini ambayo moyo hauwezi kupiga sawasawa bila yake. Walionialika wanajua nitaishia wapi, maana jambo hili nimelisema kwenye vikao vya wauguzi, nimelisema kwa walimu wakuu, na nitalisema mpaka kila matroni wa mkoa huu aweze kunijibu swali moja: binti wa bwenini anatapika, hajaziona siku zake miezi minne, kipimo cha mimba hakionyeshi kitu. Unafanya nini?

Kinachofanyika nakijua. Kipimo kinarudiwa, kwa sababu hakuna anayekiamini. Kikikataa tena, tunahamia malaria. Malaria ikikosekana, ni vidonda vya tumbo, apewe dawa. Mwisho mama anaitwa kutoka Kasulu au Kibondo, anamchukua mwanawe kwenye maombi au kwa mganga, na sisi tunafunga faili. Katika safari yote hiyo hakuna aliyekaa na mtoto akamwuliza: mwanangu, unakula nini? Na ukishakula, unakwenda wapi?

Kuna mmoja nilimkuta wodini, hospitali sitaitaja. Kidato cha tatu, darasani anaongoza, walimu wanamsifu kwa nidhamu. Alianguka mstarini asubuhi. Nilipofika alikuwa na dripu ya glukosi, ya pili hiyo, kwa kuwa "ameishiwa nguvu". Nikashika mkono wake nihesabu mapigo. Yanakwenda, yanaruka, yanakawia, yanarudi mawili kwa pamoja. Nikiwa bado nimeushika, nikaona vifundo vya kidole cha shahada na cha kati. Ngozi imekakamaa, imekuwa nyeusi kuliko mkono wote, na juu yake kuna mchubuko mpya. Hayo ni meno, ndugu zangu. Mtu akijitia vidole kooni kila siku ili atapike, meno ya juu yanakwaruza palepale. Daktari Gerald Russell wa London aliiandika alama hiyo mwaka 1979, na ni alama ambayo haihitaji umeme wala maabara, inahitaji mtu ageuze mkono wa mgonjwa autazame. Mashavu yake yalikuwa yamevimba chini ya masikio, pande zote mbili. Kwenye faili imeandikwa matubwitubwi. Ni tezi za mate zinazovimba kwa kutapika.

Potasiamu yake ilikuja milimoli 2.4 kwa lita ya damu. Mnajua kawaida ni 3.5 hadi 5.0.

Sasa rudini kwenye ile dripu. Glukosi ikiingia, kongosho linatoa insulini, na insulini inasukuma potasiamu kutoka kwenye damu kuiingiza ndani ya seli. Yaani kile kidogo kilichokuwa kimebaki kwenye damu, tulikuwa tunakipunguza sisi wenyewe kwa mikono yetu, na jina tumeipa matibabu. Aliyeitundika hana roho mbaya. Alifundishwa kwamba aliyeishiwa nguvu anatundikiwa sukari. Binti alipona. Lakini alipona kwa sababu dripu ilitolewa na mtu akauliza.

Hapa lazima nisimame kidogo, kwa sababu hata matabibu wananiambia, "Daktari, potasiamu si inatoka na matapishi?" Inatoka, ila kidogo. Kinachotoka kwa wingi ni asidi ya tumbo na maji. Asidi ikipungua, damu inaelemea kwenye alkali. Maji yakipungua, homoni ya aldosteroni inaiamuru figo ishikilie sodiamu kwa nguvu zote, na figo inaishikilia kwa kuachia potasiamu. Kwa hiyo binti anatapika kwa mdomo, lakini potasiamu inampotea kwenye mkojo, saa zote, hata akiwa amelala. Ukimpa vidonge vya potasiamu huku hujamrudishia maji na sodiamu, figo inaendelea kumwaga. Mchana wote mnabishana na figo.

Dawa za kumfanya mtu aharishe zinafanya tofauti, zinaitoa potasiamu moja kwa moja kwenye kinyesi. Na msifikiri ni dawa za hospitali tu. Zile chai za kupunguza tumbo zinazouzwa stendi na kwenye simu, nyingi zina sena ndani yake, na sena ni dawa ya kumfanya mtu aharishe, basi. Vidonge vya kukojoza maji navyo vinanunuliwa duka la dawa bila cheti, binti anaambiwa vinapunguza uzito. Vinapunguza maji na potasiamu. Mafuta ya mwili hayajaguswa.

Shikeni hili, hata mkisahau mengine yote. Mgonjwa wa anoreksia, ugonjwa wa kukataa chakula kwa hofu ya kunenepa, anayejinyima chakula tu, bila kutapika na bila dawa, mara nyingi potasiamu yake hubaki kawaida muda mrefu, hata akiwa amekwisha mwili. Kwa hiyo ukimpima binti aliyekonda, huna sababu nyingine ya wazi, na potasiamu iko chini, damu imekwambia jambo ambalo yeye hajakwambia. Msimkemee. Msimfokee mbele ya wenzake. Mwulize peke yake, mlango umefungwa, kwa upole: kuna wakati unatapika makusudi? Kuna kitu unakunywa ili upungue? Wengi watakana siku ya kwanza. Rudi siku ya pili.

Najua kuna anayesema moyoni, huu ni ugonjwa wa Wazungu. Kweli, walioieleza anoreksia kitabibu mwaka 1873 ni William Gull wa London na Lasègue wa Paris. Kifua kikuu nacho bakteria wake alitambuliwa Ujerumani, mbona hatusemi ni cha Wajerumani? Nendeni Fiji, visiwa vya Bahari ya Pasifiki. Kule mwili mnene ulikuwa ndiyo heshima, kama kwetu. Televisheni ikaingia eneo la Nadroga mwaka 1995. Mwaka huo hakuna msichana aliyesema anajitapisha ili apungue. Mwaka 1998 walikuwa asilimia 11.3 ya wasichana waliohojiwa. Miaka mitatu, na hiyo ni televisheni tu. Wa kwetu wana simu mfukoni, Mwanga, Ujiji, Gungu, kote.

Mwingine anasema, hapa watu wanakosa chakula, wewe unatuletea wanaokikataa. Vizuri, tuanzie hapohapo. Mkoa huu una watu waliofanya kazi Nyarugusu, kambi ya wakimbizi. Mnajua mtoto mwenye utapiamlo mkali hapewi ovyo ORS ya kawaida, ile chumvichumvi ya kuharisha, anapewa ReSoMal, iliyotengenezwa kwa wenye utapiamlo. Kwa nini? ORS ina potasiamu milimoli 20 kwa lita, ReSoMal ina 40, na sodiamu yake ni ndogo zaidi. Mnajua F-75, yale maziwa maalumu ya utapiamlo, inaanza kidogokidogo, kila baada ya saa chache. Hamjawahi kumwuliza mtoto yule njaa yake imetoka wapi. Mwili ulioshinda na njaa ni mwili uleule, iwe njaa ya ukame, ya vita, au ya binti anayesema ameshiba. Ujuzi mnao tayari, mnauzuia tu kwa sababu mgonjwa huyu amevaa sare ya shule.

Na swaumu. Sina neno na swaumu, wala na wanaofunga na kuomba. Ila binti akianza kufunga Jumatatu na Alhamisi, kisha Jumanne, kisha kila siku, na jioni hafuturu na wenzake, mama yangu, huyo mfuatilie.

Sasa majibu ya kawaida. Potasiamu ikirudi 3.8 mnampa binti ruhusa aende nyumbani. Asilimia kama 98 ya potasiamu yote iko ndani ya seli, mnachopima kwenye damu ni ile mbili iliyobaki. Ni kukagua ghala la mahindi kwa kuhesabu punje zilizomwagika mlangoni. Hifadhi ya ndani inaweza kuwa imepungua sana na mlangoni bado pana punje. Halafu kuna sampuli yenyewe. Mpira umefungwa mkononi muda mrefu, mgonjwa anaambiwa afumbe na kufumbua ngumi, damu inavutwa kwa nguvu kwenye bomba, inawekwa kwenye barafu, inapanda boti kutoka vijiji vya kusini mwa ziwa, inafika kesho. Chembe nyekundu zinapasuka au zinavuja, potasiamu iliyokuwa ndani yake inamwagika kwenye sampuli, na karatasi inasema yuko salama. Maabara ikiandika kwamba chembe zimepasuka, jibu hilo si jibu, chukueni damu upya. Wenzetu wa maabara, nanyi andikeni. Msione aibu.

Mwenyekiti ananionyesha saa, basi haya yaliyobaki nitayataja tu.

Kumlisha. Msimjazie sahani. Mwili uliozoea njaa ukipokea wanga mwingi kwa ghafla, insulini inapanda, na potasiamu, fosfeti na magnesiamu vinazama ndani ya seli kwa pamoja. Siku za mwanzo za kula zinaweza kuua. Vitamini B1 kabla ya chakula, chakula kidogo, kipimo cha damu kirudiwe. Magnesiamu ikiwa chini, potasiamu haitapanda hata ufanyeje.

Potasiamu ya mshipani haipigwi sindano moja kwa moja, hata siku moja, moyo unasimama. Ichanganywe kwenye dripu, iende polepole, isizidi milimoli 10 kwa saa kwenye mshipa wa mkono kama huna mashine ya kuangalia moyo, na hakikisha anakojoa. Kama mdomo unakubali, mdomo ndiyo njia.

Chakula: ndizi, maharage, viazi vitamu, parachichi, mchicha usiomwagwa maji yake. Ni vya kulinda aliyepata nafuu. Mwenye 2.4 msimpelekee ndizi, mpelekeeni gari la wagonjwa. ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, ipigwe akifika, kabla jibu la maabara halijatoka.

Ya wazazi nilikuwa nimeyaandaa, hayatatosha leo. Matroni, nyie mbaki dakika tano tuzungumze kuhusu vyoo na saa moja ya baada ya chakula cha jioni. Wengine, maswali.