Nendeni Saa Tisa za Alasiri

Assalaam alaykum. Ahsante Mwenyekiti, ahsanteni walimu watarajiwa.

Nimeombwa nizungumze juu ya mwanafunzi na tamasha la muziki. Wapo humu walionisikia mwaka jana nikilisema hili hili. Nitalirudia, kwa sababu baada ya kulisema nilisimama pale Forodhani nikawaona wanafunzi wa skuli zetu wanaingia Ngome Kongwe saa tatu za usiku, simu juu, wanatoka saa sita na video arubaini. Kesho yake nikamuuliza mmoja: kile chombo kilichowekwa mapajani kinaitwaje? Akanifungulia simu anitafutie.

Sauti za Busara, tamasha letu la muziki la kila mwaka, mnaijua, ipo tangu 2004, sipotezi muda kuieleza. Ninalolitaka ni moja tu. Mwanafunzi aende tamashani saa tisa za alasiri, wakati vyombo vinatiwa sauti, yaani nyuzi zinakazwa na kulegezwa mpaka zikubaliane. Saa tatu za usiku pia abaki, sikatai. Lakini saa tisa awepo.

Niwaeleze nililitoa wapi hili.

Februari 2010. Wa Unguja mnaikumbuka. Nyinyi wadogo waulizeni mama zenu. Umeme ulikatika Disemba 2009 na haukurudi mpaka Machi. Pampu hazifanyi kazi, maji ni ya ndoo na madumu. Darajani kila duka na jenereta lake mlangoni, mtu huwezi kuuliza bei bila kupiga kelele. Mimi nilikuwa kidato cha tatu, nasoma kwa mshumaa. Kila mtu mjini alikuwa na tochi, hata kwenda sokoni. Katika hali hiyo tamasha likafanyika.

Shangazi yangu alikuwa muitikiaji katika klabu moja ya taarab. Akaniambia, "Twende ukanishikie mkoba wa nguo." Tukafika mapema sana, jua bado kali, jukwaani watu wanavuta waya. Tukaingizwa katika chumba kimoja cha Ngome. Kuta zile Waarabu wa Omani walizijenga mwisho wa karne ya 17 kwa ajili ya vita, hawakuwa na haja ya madirisha. Ndani kiza. Na pale pana mzee amekaa mkekani, mapajani ana kanuni, kile chombo cha taarab cha ubao bapa wenye nyuzi nyingi. Akaiona tochi yangu. "Mwanangu, hebu nimulikie hapa."

Nikapiga magoti, nikamulika.

Kanuni ina nyuzi zaidi ya sabini. Zimepangwa tatu tatu, na kila tatu ni sauti moja. Mzee ana ufunguo mdogo wa shaba. Anauvisha kwenye kigingi, anagusa nyuzi zile tatu, anasikiliza. Mwanzo zinagombana. Unasikia mtetemo, wawawawa, kama watu watatu wanaosema neno moja lakini hawakuanza pamoja. Anazungusha ufunguo kidogo, kidogo kabisa, hata huoni mkono ukienda. Mtetemo unapungua, unakuwa mrefu, unapotea. Zimekuwa moja. Anahamia tatu nyengine. Nilimulika hivyo karibu saa nzima, mkono ukafa ganzi, na sikutaka kuhama.

Sasa sikilizeni hapa, kwa sababu hapa ndipo nilipofundishwa muziki.

Mimi nilijiona mjuzi. Skuli kwetu kulikuwa na kinanda kimoja cha betri, na mimi ndiye nilikuwa nakipiga kwenye mahafali. Mzee anaitengeneza rasti, moja ya ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu, akafika sauti ya tatu, akaipiga. Nikamwambia, "Babu, hiyo iko chini."

Akainua uso. Hakukasirika. "Iko chini ya nini?"

"Chini ya mi." Ile ya do, re, mi.

"Haya, niimbie unayoitaka wewe."

Nikaimba. Upande wa kushoto wa kanuni, karibu na vigingi, kuna vichuma vidogo vinavyoinuka na kulala, kila kimoja kinaufupisha uzi kidogo. Akainua kimoja, akapiga: ndiyo ile yangu. Akakilaza, akapiga ile yake. Halafu akaghani ubeti mmoja, taratibu, juu ya ile yake. "Sasa imba na mimi, lakini tumia ya kwako." Nikajaribu. Masikio yangu mwenyewe yakanikataza. Sauti yangu ilikuwa inakwaruza pembeni ya ile yake kama kucha kwenye bati. Nikashuka polepole mpaka nikaikuta, nikatulia hapo. Akasema, "Basi. Umefika."

Sauti ile imekaa katikati. Ni chini ya mi ya kinanda na ni juu ya mi bemoli, yaani mi iliyoshushwa nusu hatua. Kwenye kinanda chetu cha skuli haina pa kuibonyeza. Nilikuwa nimezaliwa Kikwajuni, nimeisikia redioni tangu niko mgongoni mwa mama, na nilipokuja kukutana nayo uso kwa uso nikaiambia imekosea! Ikhwani Safaa, klabu yetu kongwe ya taarab, iko mjini hapa tangu 1905. Zaidi ya miaka mia moja sauti ile inapigwa mitaani kwetu, na mwanafunzi anayesifiwa kwa muziki skuli nzima haijui. Mwaka gani wa masomo ungenifundisha lile? Hakuna. Nilifundishwa pale mkekani, kwa tochi ya betri mbili.

Mtaniambia: Maalim, hayo si ungeyapata darasani, mwalimu akileta kanuni? Ungeyapata, ndiyo. Chuo cha muziki cha nchi za jahazi kimekuwa kikifundisha kanuni na udi, ule wa nyuzi unaoshikwa kama gitaa, hapa hapa Mji Mkongwe tangu 2002, na mwenye nafasi aende. Lakini tamasha lina kitu ambacho darasa halina, nacho ni wakati unaomkimbiza mpigaji. Tuliporudi jioni, baada ya magharibi, yule mzee akaanza tena upya. Nikastaajabu. Si tumeshamaliza? Akanionesha upande wa kulia, pale daraja la nyuzi linapokalia ngozi ya samaki. Februari joto, kisha upepo wa bahari unaleta unyevu. Ngozi inalegea, daraja linazama, nyuzi zote zinashuka pamoja nalo. "Bahari nayo inataka kupiga," akasema. Mara ya tatu aliitia sauti nyuma ya jukwaa, kikundi cha mbele kikiwa bado kinapiga, sikio lake kalilaza karibu na ubao. Hili darasani halitokei, maana darasani hakuna zamu ya jukwaa inayokusubiri.

Usiku walipoanza, fidla zikaingia, akodiani, dumbaki, shangazi na wenzake wakaitikia. Kisha wengine wakanyamaza na kanuni ikaachiwa taksimu, pale chombo kimoja kinapotembea na sauti kwa kubuni papo hapo, peke yake. Ua lote limejaa, wenyeji na wageni. Mzee na zile pete zake mbili, moja kila kidole cha shahada, zimebana vile vipande vya kupigia. Mimi nilikuwa nasubiri sauti moja tu. Ikaja. Akaipita, akaizunguka, akairudia, akakaa juu yake. Mama mmoja wa buibui akatoka kwenye watu akapita mbele kumtuza. Yule mama aliijua. Na mimi, tangu saa tisa, nikawa naijua.

Mwenyekiti, naona ishara, nakuja.

Kuna wanaosema muziki ni uhuni, mtoto atapotea. Nami niliulizwa hilo. Jumatatu yake mwalimu mmoja alinisimamisha mbele ya darasa akaniuliza kama ni kweli nilikwenda ngomani, na darasa likacheka. Nilitaka nimwambie nilichojifunza, sikupewa nafasi. Linaniuma mpaka leo, na ndiyo maana nasema na nyinyi ambao mtakuwa walimu. Nilichokiona alasiri ile ni wazee waliooga, walionyoosha nguo zao, wanafanya kazi kwa utulivu. Ilipoadhiniwa kila chombo kilinyamaza, wakenda kusali, wakarudi. Ukitaka mtoto aepukane na msongamano wa usiku, basi saa tisa ndiyo saa yako hasa! Ana mwalimu wake, ana daftari, saa kumi na mbili yuko kwao.

Na wasichana msiwaache nyumbani. Nani aliyetutangulia kwenye muziki huu kama si Siti binti Saad, yule muimbaji wa taarab? Bi Kidude, muimbaji wetu, kabla hajafariki Aprili 2013, mmemuona jukwaani Ngome Kongwe, bibi kizee, msondo, ile ngoma ndefu, kaufunga kwa kanga, anaupiga kwa viganja amesimama wima. Leo tuna Tausi, kundi la wanawake watupu alilolianzisha Bi Mariam Hamdani, wanapiga vyombo vyote wenyewe. Tuna Siti Amina na udi wake. Msichana akiwaona hawa saa tisa, wanakaza nyuzi kwa mikono yao, atajua kuwa chombo nacho ni chake.

Nilikuwa na mengine, nayakata. La simu: mwanafunzi arikodi sauti, asirikodi picha, halafu jioni ajaribu kuiimba. La pesa: 2016 tamasha halikufanyika kwa kukosa fedha, na wengi wetu tulilalamika, lakini mwenyeji analipa sehemu ndogo tu ya anacholipa mgeni na bado hatununui tiketi. La muziki wa kupigwa papo kwa papo, wenye tamasha wanashikilia kuwa hakuna kuimba juu ya CD, na nilitaka kueleza kwa nini hilo ni la kulindwa kwa nguvu zote. Lakini aliyeiona kanuni ikitiwa sauti mara tatu kwa siku moja hahitaji maelezo yangu.

Nauliza la mwisho. Kati yenu, nani amewahi kuiona kanuni ikitiwa sauti, mwanzo mpaka mwisho? Inueni mikono, msione haya.

Wanne. Kwenye ukumbi wa walimu wa muziki, Unguja, wanne.

Haya. Alhamisi nitakuwa mlangoni Ngome Kongwe, upande wa Forodhani, kuanzia saa tisa kasorobo. Nimeshazungumza na wapigaji wawili, wamekubali tukae nao, tusizidi kumi kwa zamu, na tusiguse kitu mpaka tuambiwe. Vyumba vile bado vina kiza. Mwenye tochi aje nayo.