Shelisheli, Nchi na Tunda

Assalaam alaykum, wazee wangu, ndugu zangu, na nyinyi vijana mlioganda huko nyuma karibu na mlango. Sogeeni, viti vipo. Nashukuru kwa kualikwa, na nashukuru zaidi kwamba mmeniachia nichague la kusema.

Lugha yetu imeipa nchi na tunda jina moja. Ukitaja shelisheli katika nyumba nyingi za hapa Unguja, mtu anafikiria lile tunda la kijani linalopikwa kwa nazi, likaliwa na samaki. Msomaji wa magazeti anafikiria visiwa 115 vilivyo mashariki yetu, kilomita kama 1,800 za bahari tupu. Jioni hii nitasema habari za nchi, ila tunda nalo litarudi, nivumilieni.

Nianze na damu. Katika miaka ya 1860 na 1870 manowari za Waingereza zilikuwa zikikamata majahazi ya watumwa kwenye pwani hii yetu. Waliookolewa hawakurudishwa kwao. Zaidi ya watu elfu mbili walishushwa Mahé, kisiwa kikuu cha Shelisheli, wakagawiwa kwenye mashamba ya minazi kama vibarua. Juu mlimani, pahali paitwapo Sans Souci, kuna magofu ya shule iliyojengwa na wamisionari mwaka 1876 kwa ajili ya watoto wa watu hao. Nilisimama pale. Kuta zimebaki za kiunoni, mizizi imepita kwenye mawe, na mbele yako bahari inashuka mpaka upeo wa macho. Watalii wanapanda kupiga picha ya mandhari. Mimi nilikuwa nafikiria mtoto aliyezaliwa Nyasa au Uyao, akafundishwa kusoma kwenye kilima kile, na nyumbani kwao hakuna aliyejua kama yu hai. Washelisheli wana chombo chao cha muziki cha waya mmoja wanakiita zez. Ni zeze. Na ngoma yao ya moutya, iliyokuwa ikipigwa usiku karibu na moto, mwaka 2021 UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Waingereza pia walivifanya visiwa vile jela ya wafalme: Kabaka Mwanga wa Buganda alifia huko mwaka 1903, na Kabalega wa Bunyoro alikaa huko zaidi ya miaka ishirini. Hata Sayyid Khalid bin Barghash, ambaye kila mtoto wa Mji Mkongwe anajua kisa chake, alipelekwa Shelisheli.

Kwa hiyo tusiwatazame kama watu wa mbali.

Kabla ya mwaka 1971 mgeni aliingia kwa meli, mara nyingi ile iliyokwenda kati ya Mombasa na Bombay. Nchi iliishi kwa mbata na mdalasini. Kisha ukajengwa uwanja wa ndege Pointe Larue, kwa kujaza bahari vifusi, maana milima ya Mahé inaporomoka mpaka majini na ardhi tambarare haipo. Njia moja ya ndege ikageuza maisha yote. Katika miaka michache tu mbata na mdalasini vikawa mambo ya wazee, na vijana wakaenda kutandika vitanda.

Uhuru ulikuja Juni 1976. Haukupita mwaka. Tarehe 5 Juni 1977, Rais James Mancham akiwa London kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola, serikali yake ikapinduliwa na France-Albert René akashika nchi. Waliompindua walikuwa wamepata mafunzo Tanzania. Novemba 1981 mamluki wa Mike Hoare walipotua Pointe Larue wakijifanya wanachama wa klabu ya wanywa bia, mtu wa forodha akakuta bunduki ndani ya begi, na wanajeshi wetu wa JWTZ walikuwa miongoni mwa walioulinda utawala wa René. Tumo katika historia hiyo, na tuiseme kwa ukamilifu. René alijenga shule za bure, hospitali za bure, nyumba za watu wa kipato cha chini, na mpaka leo mtoto wa mvuvi kule anasoma bila ada. René huyo huyo alifunga watu, akawakimbiza wengine ughaibuni, akatawala kwa chama kimoja hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kule nilikutana na familia ambazo hazijui mtu wao amezikwa wapi. Nchi ikaunda tume ya ukweli na maridhiano, watu wakaja kusema mbele ya kadamnasi mambo waliyoyanyamazia miaka arobaini. Naiheshimu sana nchi iliyofanya hivyo, ndogo kama ilivyo.

Sasa niingie kwenye sahani.

Nilikaa Mahé wiki tano. Karibu na nilipofikia, upande wa Beau Vallon, nilizoeana na dada mmoja wa Likoni anayefanya kazi jikoni katika hoteli. Wakenya wako wengi kule, hotelini, mashuleni, mahospitalini. Asubuhi moja akanionyesha sahani ya mgeni kabla haijatoka. Akaninyooshea kidole kitu kimoja kimoja. Siagi imetoka Ulaya. Unga wa mkate umekuja kwa meli. Viazi vimegandishwa, vya kiwandani. Juisi ni ya boksi. Papai ndilo la hapa, na samaki wa mchana atakuwa wa hapa. Na nje ya dirisha la jiko mshelisheli umezaa mpaka matawi yanainama, matunda yanaanguka chini, yanapasuka, nzi wanakusanyika. Nikamuuliza kwa nini hayapikwi. Akasema mgeni hajazoea, na menyu haipangwi hapa.

Ndugu zangu, niliyosoma yote kuhusu uchumi wa visiwa niliyaona kwenye sahani ile. Mwaka 2019 Shelisheli ilipokea wageni karibu 384,000, na wananchi wenyewe ni kama laki moja. Ni takriban wageni wanne kwa kila mwenyeji. Lakini fuata dola ya mgeni mmoja. Sehemu imebaki kwa shirika la ndege. Sehemu imekwenda kwa mwenye hoteli, ambaye mara nyingi hakai pale. Sehemu imelipia kontena la siagi na viazi. Na mshahara wa dada wa Likoni, haki yake kabisa, mwisho wa mwezi unaingia kwenye simu ya mama yake Mombasa. Kinachobaki kisiwani ndicho kinachojenga zahanati, na kipo, sikatai. Mwaka 2015 Benki ya Dunia iliiweka Shelisheli katika kundi la nchi za kipato cha juu. Lakini hicho kinachobaki ni chembamba kuliko idadi ya ndege zinazotua.

Wembamba wake ulionekana mwaka 2008. Serikali ilikuwa imekopa mno, na kwa miaka mingi ilikuwa imeing'ang'ania bei ya rupia, fedha yao, ambayo haikuwa ya kweli. Dola zikaadimika, maduka yakakosa bidhaa, watu wakawa wanatafuta fedha za kigeni uchochoroni. Mwaka huo nchi ikashindwa kulipa wadai wake. IMF ikaingia, Novemba rupia ikaachiwa ielee, yaani bei yake ipangwe na soko, ikapoteza karibu nusu ya thamani. Fikirieni maana yake katika nchi ambayo hata unga wa mkate unatoka nje. Mama aliyelala na rupia zake kabatini aliamka zimekuwa nusu.

Wakajirekebisha, kwa maumivu. Wakabuni hata njia mpya: wakapunguziwa sehemu ya deni kwa ahadi ya kulinda bahari, na mwaka 2020 wakatimiza kuhifadhi asilimia 30 ya eneo lao la bahari. Mwaka huo huo ukaja uviko. Wageni wakashuka hadi laki moja na kitu. Rupia iliyokuwa 14 hivi kwa dola ikavuka 20. Safari hii hakukuwa na kosa la mtu: ndege hazikuja, basi.

Nije kwenye jambo linaloniuma zaidi, na vijana wa huko mlangoni hili ni lenu.

Mwaka 2019 mamlaka za huko zilikadiria kwamba watu kati ya 5,000 na 6,000 wanatumia heroini. Katika nchi ya watu laki moja. Ni kama mmoja katika kila kumi wa nguvu kazi. Unga unatoka Afghanistan, unapakiwa kwenye majahazi pwani ya Makran, huko Iran na Pakistan, unateremka bahari hii hii inayotulisha. Watu wananiuliza: vipi nchi tajiri, shule bure, kazi zipo mpaka wanaleta wageni kuzifanya, halafu vijana wake wanajidunga? Mimi nadhani jibu limo ndani ya swali. Kijana kule anakua akiona kazi ya hotelini ni ya kumhudumia mtu aliyekuja kustarehe, na yeye starehe ile haipati. Ukubwa, umeneja, umepangwa mbali kama menyu. Nyumba ni ghali, kisiwa ni kidogo, kila mtu anakujua. Hiyo ni rai yangu, mnaweza kuipinga. Lakini serikali yao ilifanya jambo la ujasiri: iliacha kumtazama mtumiaji kama mhalifu tu, ikamtazama kama mgonjwa, ikatoa methadoni, dawa ya kunywa badala ya heroini, kwa maelfu. Niliwaona asubuhi wakisubiri dozi, wengine wamevaa sare za kazi, baba mmoja kamshika mtoto mkono kabla ya kumpeleka shule. Sisi wenye soba hausi zetu hapa Unguja tunaijua sura ile.

Siasa zao za sasa zinaendana na hayo. Desemba 2015 Rais James Michel alishinda kwa kura 193. Kura 193, nchi nzima. Hakuna aliyeingia msituni, walikwenda mahakamani. Mwaka 2020 Wavel Ramkalawan, padri wa Kianglikana aliyegombea mara nyingi akishindwa, akashinda, na kwa mara ya kwanza tangu mapinduzi upinzani ukachukua ikulu kwa sanduku la kura. Oktoba 2025 naye akashindwa na Patrick Herminie, daktari aliyewahi kuongoza wakala wa kupambana na madawa ya kulevya. Kampeni zilijaa mambo mawili: unga, na kisiwa cha Assomption, kilicho jirani na Aldabra ya makobe wakubwa, ambacho mwekezaji kutoka Qatar alipewa kujenga hoteli ya kifahari. Watu waliuliza nani aliulizwa.

Na hapo ndipo ninapotaka tuzungumze wote. Kisheria fukwe za Shelisheli ni za umma. Siku moja nilifuatana na mzee mmoja mvuvi kwenda ufuko aliokuwa akiupitia tangu mtoto. Njia sasa inapita kwenye geti la hoteli. Mlinzi, kijana mstaarabu, akatwambia nafasi za wageni wa siku zimejaa. Mzee hakubishana. Alivua kofia, akajipangusa jasho, akamwambia kwa Kikreoli, "Mimi si mgeni wa siku." Kijana akainamisha macho. Tulisubiri kama dakika ishirini kwenye jua, kisha akatufungulia.

Njia za kwenda pwani Nungwi, Kendwa na Paje mnazijua nyinyi kuliko mimi. Naona mama pale mbele ameshanyoosha mkono. Tuanze na yeye.