Tiketi ya chama Minnesota hutolewa na nani? Jibu kwa mnaouliza kuhusu DFL

Karibuni tena, ndugu zangu. Tangu Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Kenya, achaguliwe Novemba 2024 kuingia Bunge la Wawakilishi la jimbo la Minnesota, swali kwenye maoni ni lile lile: tiketi ya chama huko inatolewa na nani, na kwa bei gani? Najua nikijibu kuna atakayesema najigamba na siasa za Wazungu, na mwingine atasema nazitukana za nyumbani. Sina nia hiyo wala hiyo. Mmeuliza, nawajibu.

Chama cha Huldah ni DFL, yaani Democratic-Farmer-Labor. Ndicho Democratic cha hapa Minnesota, lakini kina katiba yake na hakingoji amri kutoka Washington kila asubuhi. Mwenyekiti wake huchaguliwa na kamati kuu ya jimbo, ambayo wajumbe wake wametoka wilayani. Gavana si mwenyekiti. Kinara wa chama tuliyemzoea Kenya, yule ambaye nyumbani kwake ndiko mambo yanakoamuliwa, hapa hayupo. Ken Martin alikalia kiti kuanzia 2011 hadi Februari 2025, alipochaguliwa kuongoza Democratic ya taifa zima, na Machi mwaka huo akachaguliwa Richard Carlbom kumrithi. Kazi ya mwenyekiti ni kutafuta pesa, kuajiri watu, kutunza daftari la wapiga kura wa chama na kuhakikisha mikutano inafuata kanuni. Tiketi ya moja kwa moja mfukoni mwake haimo.

Jina hilo refu limetokana na ndoa ya vyama viwili. Farmer-Labor kilikuwa chama cha wakulima na wafanyakazi chenye nguvu kweli. Floyd B. Olson alishinda ugavana kwa bendera yake mwaka 1930 akafia madarakani 1936, naye Elmer Benson akashinda uchaguzi wa mwaka huo kabla ya kubwagwa na Republican mwaka 1938. Democratic wakati huo kilikuwa dhaifu. Wakigawana kura, Republican wanapita katikati. Tarehe 15 Aprili 1944 wakaungana, na Hubert Humphrey, mwanasiasa wa Minneapolis, alikuwa miongoni mwa walioupigania muungano huo.

Msidhani walipatana mara moja. Mrengo wa kushoto uliteka uongozi wa chama mwaka 1946, na kundi la Humphrey likaurudisha mwaka 1948. Na namna walivyourudisha ndiyo ninayotaka mwisikie: walijaza watu kwenye mikutano ya mitaani, mtaa kwa mtaa, hadi wakawa na wajumbe wengi kuliko wenzao. Kiangazi cha mwaka huo huo Humphrey akasimama mbele ya mkutano mkuu wa taifa mjini Philadelphia kutetea haki za raia weusi, na Novemba akachaguliwa seneta.

Somo la pili ni la 1978. Walter Mondale, seneta wa DFL, alipochaguliwa makamu wa rais wa Marekani mwaka 1976, kiti chake cha Seneti kikabaki wazi. Gavana Wendell Anderson akajiuzulu, naibu wake Rudy Perpich akawa gavana, kisha Perpich akamteua Anderson kwenye kile kiti. Sheria haikuvunjwa, ila wapiga kura waliona watu wawili wamegawana vyeo chumbani. Mwaka 1978 DFL ikapoteza ugavana na viti vyote viwili vya Seneti usiku mmoja. Hapo ndipo naposema, anayesema wapiga kura husahau hajaisoma historia ya Minnesota.

Sasa tiketi. Inaanzia kwenye kokasi, mkutano wa chama wa mtaa unaofanyika mapema katika mwaka wa uchaguzi mkuu, saa moja jioni, kwenye shule au ukumbi wa karibu. Unajiandikisha mlangoni, unatia saini kwamba unakubaliana na misingi ya chama, unaketi na majirani wa mtaa wako. Ada ya kuingia hakuna; kofia itapitishwa ya mchango, ukiwa huna unaipitisha kwa jirani. Mara nyingi nafasi za ujumbe ni nyingi kuliko watu waliokuja, kwa hiyo anayetaka kuwa mjumbe anasema tu, jina linaandikwa.

Kikwazo cha watu wetu ni zamu. Wengi wanafanya kazi za kutunza wazee, jioni na usiku, na meneja hataki kusikia habari za mikutano. Hili linaniudhi, kwa sababu sheria ya jimbo iko wazi: ukimwandikia mwajiri siku 10 kabla, ana wajibu wa kukuruhusu uende. Atakukata malipo ya saa ulizokosa, lakini kukuadhibu haruhusiwi. Iandike, weka tarehe, baki na nakala. Maneno ya mdomo hayakulindi.

Kutoka mtaani unakwenda mkutano wa wilaya, na hapo ndipo wageni wanapopotea. Watu hujigawa makundi kwa mgombea au kwa jambo wanalotetea, kila kundi pembe yake ya ukumbi. Tuseme mko 60 na mnachagua wajumbe 6: kila kundi linahitaji watu 10 kupata mjumbe mmoja. Mkiwa 9 hamna kitu. Mnapewa muda wa kuhama, mnabembeleza kundi dogo lijiunge nanyi, kisha milango ya hesabu inafungwa. Makundi mengi hayafi kwa kukosa hoja. Yanafia hapo, kwa mtu aliyetoka nje kupokea simu au aliyekwenda nyumbani baada ya hesabu ya kwanza.

Mgombea anayetaka kuidhinishwa na chama lazima apate asilimia 60 ya wajumbe. Hata akipata, hajamaliza. Kura za mchujo za Agosti ziko wazi kwa wananchi, na aliyekosa kuidhinishwa anaweza kulipa ada na kugombea: dola 100 kwa bunge la jimbo, dola 300 kwa ugavana. Mwaka 2010 wajumbe walimwidhinisha Margaret Anderson Kelliher, Mark Dayton akashinda mchujo na baadaye ugavana. Mwaka 2018 waliidhinisha Erin Murphy, Tim Walz akashinda. Idhini inakupa uungwaji mkono wa chama, orodha ya wapiga kura na watu wa kubisha hodi. Ushindi unautafuta mwenyewe.

Na msidhani hapa hakuna vurugu. Julai 2025 DFL ya jiji la Minneapolis ilimwidhinisha Omar Fateh kugombea umeya. Malalamiko yakapelekwa ngazi ya jimbo kuhusu mfumo wa kielektroniki wa kuhesabu kura, na Agosti idhini ikafutwa, tawi la jiji likawekwa chini ya uangalizi. Wafuasi wa Fateh waliumia sana, nami nawaelewa. Hata hivyo hesabu ya kura isipokaa sawa, idhini haina pa kusimama.

Kuhusu pesa. Ukiichangia DFL, au mgombea wa jimbo aliyekubali ukomo wa matumizi, jimbo linaweza kukurudishia hadi dola 75 kwa mwaka, dola 150 kwa mke na mume wanaodai pamoja. Lazima uwe na stakabadhi rasmi inayotolewa na chama au mgombea. Karatasi ya benki haikubaliki. Dai ni moja tu kwa mwaka, kwa hiyo kusanya michango yako kwanza, na mwisho ni Aprili 15 ya mwaka unaofuata. Wagombea wa Bunge la Taifa hawamo.

Makaratasi nayo, tafadhali sana. Fomu ya uraia, N-400, inagharimu dola 710 mtandaoni, 760 ukituma karatasi, na inauliza kama umewahi kujiandikisha kupiga kura. Mwenye grini kadi asijiandikishe hata akishawishiwa na mtu mwenye kalamu na tabasamu. Kuhusu kushiriki kokasi kabla ya uraia, kesi ya kila mtu ni yake: muulize wakili wako, usinitegemee mimi.

Na ninyi mlioko nyumbani mnaouliza mtume vipi kwa simu mchango wa kumsaidia dada yetu Huldah: msitume. Sheria ya Marekani inakataza pesa za raia wa kigeni kwenye kampeni, isipokuwa mwenye grini kadi, na mgombea akipokea atakayetafutwa ni yeye.