Dawa Inapogeuka Kuwa Ugonjwa

Shikamooni wakubwa, na wenzangu wa maduka ya dawa habari za asubuhi. Nimekuja na mfuko wa tyubu tupu. Zipitisheni mkono kwa mkono, kila mmoja asome yale maandishi madogo ya ubavuni, maana humo ndimo nitakamozungumzia leo.

Nianze na mguu wa mama mmoja aliyeletwa kliniki kwetu. Alikuwa na kidonda ndugu juu ya kifundo, mwezi wa tano huo, na kila asubuhi na jioni alikipaka krimu. Kidonda chenyewe kilikuwa kidogo. Kilichomnyima usingizi ni ngozi iliyokizunguka: vipele vya maji, inachuruzika, inawasha. Nilipotazama vizuri nikaona upele umekomea pale bendeji ilipokomea. Kisha kuna mchirizi mmoja umeteremka hadi kisigino, njia ile ile ambayo dawa iliyeyuka na kushuka wakati wa joto. Bakteria hawachori mstari namna hiyo. Nikamwomba anyooshe mkono wa kulia. Ncha ya kidole cha shahada ilikuwa imepasukapasuka. Kidole cha kupakia.

Huu ndio mzio wa mguso. Mwanzoni mwili unaizoea dawa bila shida yoyote, huku askari wake wakiisoma sura, kazi ya siku kumi hadi kumi na nne, na wakati mwingine miaka ya kupaka. Wakishaikariri, kila ikigusa ngozi tena wanaamka, lakini hawaamki papo hapo: ni saa 24 hadi 72 baadaye. Kuchelewa huko ndiko kunakotupotosha. Mtu kapaka Jumatatu, kawashwa Jumatano, kalaumu dagaa wa Jumanne. Na ngozi yenye kidonda au ukurutu wa siku nyingi haina ukuta, kwa hiyo dawa inapenya na mzio unaota kwa urahisi zaidi.

Tazameni tyubu mlizoshika. Nyingi ni zile za tatu kwa moja: dawa ya bakteria, ya fangasi, na steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho. Ya bakteria mara nyingi ni neomaisini au gentamaisini, ndugu wa ukoo mmoja. Aliyepata mzio wa moja anaweza kuikataa na nyingine. Neomaisini ni mkosaji wa siku nyingi, hata chama cha madaktari wa mizio ya mguso cha Marekani kiliitangaza kizio, yaani kiletacho mzio, cha mwaka 2010. Kinachonisumbua mimi ni ule mchanganyiko. Neomaisini inawasha moto, steroidi iliyomo humo humo inaupunguza. Mgonjwa anapata nafuu kidogo, akiacha upele unafumuka, basi anarudi dukani kwako: "Ile dawa ilinisaidia, nipe nyingine." Mnaona mzunguko wake?

Steroidi nazo huleta mzio, ingawa si mara nyingi, na hakuna anayezishuku kwa kuwa ndizo tunazotibia ukurutu. Halafu kuna vitu ambavyo si dawa kabisa: lanolini inayotokana na sufu ya kondoo, manukato, na vihifadhi. Krimu ina maji, na chenye maji huoza, ndiyo maana hutiwa vihifadhi. Vaseline tupu haina maji wala haihitaji kihifadhi, na mzio wake ni nadra sana.

Kwenye ngozi yetu msisubiri wekundu wa kwenye picha za vitabu. Tafuteni weusi uliozidi, ukavu kama majivu, vipele ambavyo kidole huvihisi kabla jicho halijaviona.

Uthibitisho ni kipimo cha viraka, alichokieleza Josef Jadassohn mwaka 1895. Vitu vinavyoshukiwa, vingi vikiwa vimechanganywa na hiyo hiyo vaselini, hubandikwa mgongoni kwa saa 48, na mgongo hauloweshwi. Husomwa vikibanduliwa, husomwa tena siku mbili baadaye. Neomaisini na steroidi hupenda kuchelewa, kwa hiyo tunamrudisha mgonjwa siku ya saba. Mama yule, kwenye kiraka cha neomaisini, siku ya saba ndipo ngozi ilipoinuka na kutoa malengelenge.

Kwa hiyo mteja akirudi kukwambia haijasaidia, nipe kali zaidi, kabla hujanyoosha mkono kwenye shelfu muulize: tangu uanze kupaka, upele umepungua au umesambaa? Ukisambaa, asimamishe vyote, aje kliniki, na aje na tyubu zake zote, hata ile ya kuazima kwa jirani.

Mama tulimwachisha krimu ile. Kidonda kilitokana na mishipa ya mguu iliyovimba, basi tulipohakikisha damu inafika vizuri unyayoni tukamfunga bendeji ya kubana. Ngozi ilikauka ndani ya wiki mbili. Kidonda kilichukua miezi. Sasa ana kikaratasi kimeandikwa "neomaisini, gentamaisini", amekifunga kwenye pindo la kanga. Macho yake hayasomi tena maandishi madogo. Akifika dukani kwako atakifungua, na atakuomba wewe umsomee tyubu.